Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa ubongo, moyo na mifupa nchini Uganda

Ukurasa huu ni wa wasomaji wa Kiswahili walioko Uganda: wa Kampala na Jinja, wa mipakani Busia na Bwera, wa Arua, na ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Maswali yenyewe ni yale yanayosikika kwenye mabenchi ya kliniki, kwenye mikutano ya kijiji mbele ya mwenyekiti wa LC (baraza la kijiji), na kwa wazazi walioletewa barua kutoka shuleni. Hayakupangwa kwa umuhimu. Kama una mgonjwa wa dharura, mpeleke hospitali kwanza, utasoma baadaye.

Kuingia kwenye utafiti ni sawa na kutibiwa?

Hapana, na hapa hata waliosoma huchanganyikiwa. Daktari anayekutibu anakutafutia nafuu wewe. Mtafiti anatafuta jibu la swali, na jibu hilo huenda likawafaa watu ambao bado hawajazaliwa. Unaweza kunufaika, unaweza usinufaike. Kinachowachanganya watu ni kwamba mara nyingi mtu ni yule yule, koti jeupe lile lile, chumba kile kile cha hospitali ya Mulago au ya Mbarara. Basi muulize waziwazi: "Daktari, hiki unachonifanyia ningefanyiwa hata kama nisingekuwa kwenye utafiti?" Akijibu, utajua tiba inaishia wapi na utafiti unaanzia wapi.

Kuna tafiti ambazo hazina dawa hata moja. Watu hupimwa presha, huulizwa wanavyokula na wanavyofanya kazi, kisha hufuatiliwa kwa miaka. Ule wa Kyamulibwa, wilaya ya Kalungu, ulianza 1989 kwa ajili ya kufuatilia VVU, na siku hizi huangalia pia presha, sukari na magonjwa ya moyo.

Kwa nini mtoto mmoja apewe dawa na mwenzake anyimwe, eti kwa kura?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira hiyo ina haki yake. Njia nzuri ya kulijibu ni kusimulia habari ya dripu.

Kwa miaka mingi mtoto aliyefika hospitali akiwa na homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu alitundikiwa maji ya mshipani mengi na kwa kasi. Vitabu vilisema hivyo, madaktari waliamini hivyo, na mzazi aliyeona dripu inatiririka alipata moyo. Kati ya 2009 na 2011 utafiti ulioitwa FEAST ulifanyika Kenya, Tanzania na Uganda. Kwetu ulikuwa Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa maji ya kasi kama ilivyozoeleka, wengine hawakupewa maji hayo ya kasi, lakini matibabu mengine yote wakayapata. Baada ya saa 48, katika waliopewa maji ya kasi walikuwa wamekufa kati ya 10 na 11 kwa kila 100. Katika wasiopewa walikuwa wamekufa 7.3 kwa kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake.

Tafakari hapo. Maji tuliyoyaona kuwa ndiyo uhai yaliongeza vifo, karibu watoto watatu zaidi katika kila 100. Bila kura jambo hili lisingejulikana kamwe, kwa sababu kila mtoto aliyekufa angesemwa kwamba alifika akiwa hoi. Kura huyafanya makundi mawili yafanane tangu mwanzo, hivyo tofauti inayotokea mwishoni inaweza kuhesabiwa kuwa ni ya dawa. (Tahadhari kwa wazazi: watoto wa kuharisha na kutapika hawakuwamo kwenye utafiti huo. Hao bado wanahitaji maji.)

Kura inaruhusiwa tu pale ambapo wataalamu kwa kweli hawajui kipi ni bora. Ukiambiwa kuna kura, uliza kundi la pili litapata nini. Jibu likiwa "hawapati chochote" ilhali dawa inayojulikana kufanya kazi ipo, usisaini.

Ikionekana watu wanadhurika katikati ya utafiti, mnaendelea tu?

Kila utafiti mkubwa wa dawa huwa na kamati ya pembeni inayoruhusiwa kufungua hesabu kabla ya mwisho, wakati watafiti wenyewe bado wamefungwa macho, yaani hawajui nani anapata dawa gani. Kamati hiyo ina uwezo wa kusema "basi".

Ilitokea kwenye homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu aitwaye kriptokokasi, ambayo huwashambulia watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana. Wengi walidhani ukimwanzishia mgonjwa ARV haraka ndivyo unavyomwokoa. Utafiti wa COAT, uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kutangazwa 2014, uliwagawa wagonjwa 177: wengine walianza ARV ndani ya wiki moja au mbili, wengine walisubiri kama wiki tano huku ubongo ukitibiwa kwanza. Baada ya wiki 26 walikuwa wamekufa 45 kwa kila 100 wa kundi la haraka, na 30 kwa kila 100 wa kundi la kusubiri. Ulisimamishwa mapema. Ndiyo maana leo mgonjwa wa aina hiyo akiambiwa asubiri ARV, ndugu zake wasidhani ananyimwa.

Kusimama mapema hutokea pia kwa habari njema. Jijini Kampala, utafiti wa watoto wenye siko seli uliotangazwa 2020 ulilinganisha dozi ya haidroksiyurea, dawa ya ugonjwa huo, isiyobadilika na dozi inayopandishwa kidogo kidogo kadiri mwili wa mtoto unavyoweza kustahimili. Dozi ya kupandishwa ilishinda waziwazi, na kamati ikafunga kazi.

Mbona wanakuja shuleni kupima mioyo ya watoto wasioumwa?

Kwa sababu ugonjwa wanaoutafuta hujificha. Mtoto anaumwa koo, koo linapona, mama anasahau. Lakini bakteria wa koo hilo, streptokokasi, anaweza kuuchochea mwili ujishambulie wenyewe. Viungo huuma na kuvimba, mara goti, mara kiwiko; hiyo ni homa ya baridi yabisi. Ikirudi rudi, milango ya moyo hukauka na kupinda, ikashindwa kufunga au kufunguka vizuri. Miaka hupita kimya. Halafu binti anafika wodini ana mimba, miguu imevimba, hawezi kulala chali, na hapo ndipo familia inasikia neno "moyo" kwa mara ya kwanza. Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago inawajua wagonjwa wa namna hiyo vizuri mno.

Kipimo cha eko, kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti bila kuchoma wala kukata, huona alama ndogo kwenye milango hiyo kabla mtoto hajahisi lolote. Swali lilikuwa: ukishaiona alama ndogo, ufanye nini? Ungoje au uanze sindano? Hakuna aliyejua, na sindano ya penisilini kila wiki nne si jambo la kumtwisha mtoto bila sababu.

Watafiti wa Uganda na wenzao wa Marekani na Australia walilijibu kule Gulu. Walipima zaidi ya watoto 100,000. Kati ya wale walioonekana kuwa na alama za awali, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17 waliingia kwenye utafiti. Nusu walichomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili, nusu walifuatiliwa bila sindano. Mwishoni ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa watoto 33 wa kundi lisilochomwa, sawa na asilimia 8.2. Kwa waliochomwa walikuwa 3 tu, asilimia 0.8. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa 2022 na yamesomwa dunia nzima.

Kwangu mimi huu ndio utafiti wa Uganda wa kujivunia kuliko mingine yote ya moyo. Dawa yenyewe ni ya zamani, bei yake ni ndogo, na jibu limetoka kwa watoto wetu wenyewe. Ila wazazi wasisikie nusu ya habari. Wengi wa wasiochomwa pia hawakuharibika katika miaka hiyo miwili, na walikuwepo wachache waliopata madhara ya sindano, akiwamo mmoja aliyepata mzio usio mkali. Ndiyo maana mtoto huambiwa akae kidogo kituoni baada ya kuchomwa.

Sijisikii vibaya. Kwa nini nipimwe presha?

Uchunguzi wa kitaifa wa 2014 uliokuta watu wazima nyumbani kwao, mijini na vijijini, ulionyesha kwamba karibu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu. Katika hao, waliokuwa wakijua hawakufika hata 8 kwa kila 100. Wengine wote walikuwa shambani, sokoni, kwenye boda, hawana habari. Presha haina adabu ya kubisha hodi. Kiharusi mara nyingi ndicho dalili ya kwanza.

Kuhusu dawa, utafiti wa CREOLE uliotangazwa 2019 ulihusisha wagonjwa 728 katika nchi sita za Afrika kusini mwa Sahara, Uganda ikiwamo. Ulilinganisha dawa mbili mbili zinazomezwa pamoja. Michanganyiko iliyokuwa na amlodipini ndani yake ilishusha presha kuliko ule usio nayo. Basi ukiandikiwa vidonge viwili badala ya kimoja usinung'unike kwamba daktari anakuuzia dawa. Mwili mmoja mara nyingi huhitaji viwili ili presha ishuke.

Ni kweli kwamba zamani hapa hakukuwa na mshtuko wa moyo?

Ulikuwa adimu kiasi kwamba mgonjwa mmoja aliandikiwa makala. Mwaka 1956 daktari Hugh Trowell wa Mulago na mwenzake waliripoti Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo kama kisa cha pekee. Leo hakuna daktari wa Kampala angepoteza karatasi kwa mgonjwa mmoja wa aina hiyo.

Upande mwingine, kuna ugonjwa wa moyo ambao maelezo yake ya kisayansi yalianzia hapa hapa. Mwaka 1948 mpatholojia wa Mulago, J.N.P. Davies, alieleza mioyo ambayo utando wake wa ndani umegeuka kovu gumu, tumbo la mgonjwa likajaa maji wakati miguu haijavimba sana. Kisababishi chake kinabishaniwa hadi leo: minyoo, muhogo, udongo, urithi, vyote vimetajwa.

Wakimtoa mgonjwa maji ya mgongo, si atakufa?

Hofu hii ipo kila wodi, kutoka Mulago hadi Mbarara, na haikutoka hewani. Watu wameona: jirani alitolewa maji ya mgongo, akafa kesho yake. Lakini jirani huyo aliletwa siku ya ngapi? Mara nyingi kipimo kilifanyika akiwa tayari hajitambui, baada ya wiki za kuzunguka dukani kwa dawa za kichwa na kwenye maombi. Ugonjwa uliua, sindano ikabeba lawama.

Sindano huingia sehemu ya chini ya kiuno, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Kichwa kinaweza kuuma siku moja au mbili. Kwa wagonjwa wa kriptokokasi, maji hayo huwa yamejaa kwa shinikizo kubwa linalobana ubongo na macho. Kuyapunguza ni tiba yenyewe. Wagonjwa wa COAT walipochambuliwa baadaye, waliopunguzwa maji tena baada ya kipimo cha kwanza walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi. (Hapo hapakuwa na kura, kwa hiyo ushahidi wake ni hafifu kuliko ule wa dripu. Hata hivyo hakuna daktari wa ugonjwa huo ninayemheshimu anayeacha kufanya hivyo.)

Dawa nazo zimesogea. Utafiti wa AMBITION, katika nchi tano ikiwamo Uganda, uliotangazwa 2022, ulionyesha kuwa dozi moja kubwa ya amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuwa duni kuliko sindano za wiki nzima, na madhara yake yalikuwa machache. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Kwa upande mwingine setralini, dawa ya huzuni ambayo maabara ilionyesha kwamba inaua kuvu huyo, ilijaribiwa hapa kwa matumaini makubwa na haikuokoa mtu. Utafiti ulioshindwa namna hiyo nao una faida: hakuna mgonjwa atakayepewa dawa hiyo bure tena.

Ugonjwa wa kutikisa kichwa umeishia wapi?

Wasiotoka Acholi huenda wamesahau. Watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo walianza kuinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hasa wakiletewa chakula au wakipigwa na baridi. Baadaye kifafa kamili, akili kudumaa, mwili kukonda. Wengine waliangukia motoni au majini. Wazazi walikuwa ndiyo kwanza wametoka kwenye kambi za vita, na kila mtu alikuwa na maelezo yake: laana, sumu za mabomu, chakula cha msaada. Ugonjwa kama huo ulikuwa umeshaelezwa Mahenge, Tanzania, tangu miaka ya 1960, na upo pia Sudan Kusini.

Kila ulipoonekana, usubi ulikuwepo: ugonjwa wa minyoo midogo inayoenezwa na inzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Mwaka 2017 watafiti waliripoti kwamba kinga ambazo mwili hutengeneza kupigana na mnyoo wa usubi zinaweza kugeuka na kushambulia protini iliyomo kwenye ubongo. Wengine waliochunguza ubongo wa watoto waliofariki waliona uharibifu wa aina nyingine, na ubishi haujaisha. Lakini ubishi wa maabara haukuzuia kazi ya mtoni. Kuanzia 2012 ivamektini, dawa ya minyoo hiyo, iligawiwa mara mbili kwa mwaka na mito ikatiwa dawa ya kuua viluwiluwi vya inzi hao, na visa vipya vikakauka. Waliougua wakati ule sasa ni vijana wakubwa. Vidonge vya kifafa hupunguza sana kuanguka kwao, mradi visikatike, na hapo ndipo tatizo: duka la dawa la kituo likiwa tupu kwa mwezi mmoja, kijana anarudi motoni.

Mtoto wangu alipona malaria ya kichwani lakini shuleni ameshuka. Kuna uhusiano?

Upo. Watoto waliotibiwa Mulago walifuatiliwa, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa kumbukumbu, umakini au ujifunzaji. Mwalimu aambiwe. Si uvivu, na viboko havitibu.

Watoto wa kichwa kikubwa wanatibiwa Mbale kwa njia gani?

Hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale imefanya jambo ambalo madaktari wa Ulaya na Marekani walikuja kujifunza. Njia ya kawaida ni kuweka mrija unaopeleka maji ya ubongo tumboni. Mrija huziba. Ukiziba Boston, mtoto anafika hospitali jioni ile ile. Ukiziba Karamoja, atazikwa kabla gari halijapatikana. Daktari Benjamin Warf alipokuwa Mbale aliunganisha mbinu mbili kwa kamera ndogo: kutoboa njia mpya ya maji ndani ya ubongo, na kuunguza sehemu inayoyatengeneza. Mtoto akifanikiwa hategemei mrija tena.

Je, akili yake hukua sawa? Utafiti wa kura wa watoto 100 wa chini ya miezi sita, uliochapishwa 2017, haukuona tofauti kubwa ya ukuaji wa akili baada ya mwaka mmoja kati ya waliowekewa mrija na waliotibiwa kwa kamera.

Mbale pia iliuliza swali la nyuma zaidi: kwa nini watoto hawa ni wengi hivi? Ilionekana kwamba sehemu kubwa yao hupata maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha, na 2020 watafiti walitaja bakteria wa jamii ya Paenibacillus kuwa miongoni mwa wahusika. Kwa hiyo homa ya kichanga haingoji asubuhi.

Mtoto amezaliwa nyayo zimegeukia ndani. Ni lazima apasuliwe?

Kwa wengi, hapana. Katika Uganda hali hii ya mguu kifundo hupata takriban mtoto mmoja kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, zaidi kidogo. Njia ya Ponseti hunyoosha mguu polepole kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, kisha mara nyingi mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, kisha viatu vilivyounganishwa kwa upau. Viatu hivyo huvaliwa karibu saa zote kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi mtoto afike kama miaka minne. Vile vinavyojulikana kwa jina la Steenbeek vilibuniwa hapa hapa Uganda kwa ngozi na chuma cha kawaida, ili fundi wa karakana aweze kuvitengeneza.

Familia huanguka kwenye usiku. Mguu umenyooka, mtoto analia na viatu, bibi anasema mwacheni alale. Baada ya mwaka mguu umerudi ulikotoka.

Kwa nini sindano za matakoni zinapigwa vita?

Kwa sababu zimelemaza watoto wengi, na Uganda imelijua hilo kwa uchungu. Sindano ikikosewa mahali hugusa mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Mtoto aliyeingia kliniki akitembea anatoka akiburuta unyayo. Nyingine, hasa za kwinini zilizorudiwa rudiwa, hugeuza msuli wa tako kuwa kovu, hata mtoto hawezi kuchuchumaa na magoti yakiwa pamoja. Uchunguzi uliofanyika Kumi, mashariki mwa nchi, ulikuta madhara haya ya sindano yakichukua sehemu kubwa ya ulemavu wa mifupa na misuli kwa watoto. Huu ni ulemavu ulioletwa na kliniki zenyewe, na ndiyo maana hauzungumzwi sana.

Utafiti wa AQUAMAT wa 2010, katika nchi tisa za Afrika ikiwamo Uganda, ulipunguza sababu ya kwinini: atesunati, dawa nyingine ya malaria, ilipunguza vifo vya watoto wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Mtoto mwenye malaria isiyo kali anayekunywa na kumeza hahitaji sindano kabisa, hata mzazi akiiomba. Na wazazi huiomba sana.

Nimevunjika paja kwa ajali ya boda. Kuna utafiti unaonihusu?

Upo, wodi za mifupa zimejaa vijana kama wewe. Swali kubwa ni kuvutwa mguu kitandani kwa wiki nyingi dhidi ya kuwekewa chuma ndani ya mfupa. Upo msumari wa SIGN uliobuniwa makusudi kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Fundi wa kienyeji akikufunga vijiti ukaona vidole vinakufa ganzi au kubadilika rangi, fungua saa hiyo hiyo.

Mgongo unaniuma miaka yote. Mbona hakuna anayeuchunguza?

Kwa sababu hauui. Fedha za utafiti hufuata vifo na maambukizi, na mgongo wa mama anayebeba madumu ya maji na kuinamia jembe hauingii kwenye hesabu hizo. Naona ni upungufu mkubwa. Ila maumivu yakiambatana na kukonda, homa za usiku au miguu kulegea, hiyo inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, nenda upimwe.

Damu mnayochukua inakwenda wapi?

Kiasi kiandikwe kwenye fomu, na mara nyingi ni vijiko vichache vya chai. Sehemu hupimwa siku hiyo, sehemu inaweza kugandishwa kwa miaka. Kuna inayotoka nje ya nchi. Hiyo inahitaji kibali na mkataba wa maandishi. Fomu nzuri hukupa nafasi ya kukubali kipimo cha leo na kukataa kuhifadhiwa. Watu wengi hawajui kwamba ni maamuzi mawili.

Faida ipo pia. Damu za watu wa Kyamulibwa zilitoa uchunguzi mkubwa wa urithi uliochapishwa 2019, wa watu zaidi ya 6,000. Ulionyesha kwa mfano kwamba aina ya urithi wa chembe za damu iliyo ya kawaida kwetu inahusiana na matokeo ya kipimo cha sukari ya miezi mitatu. Kipimo kilichotengenezwa kwa damu za Ulaya pekee kisingelijua hilo.

Nani anawasimamia watafiti?

Kwanza kamati ya maadili ya utafiti ya chuo au taasisi. Kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, lililoko Ntinda. Ikiwa kuna dawa, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, nayo hutoa kibali. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Kwenye fomu kuna namba ya mwenyekiti wa kamati ya maadili. Ndiyo ya kupiga ukiwa na malalamiko, kwa sababu ukipiga namba ya mtafiti utakuwa unamlalamikia mtafiti mwenyewe.

Fomu ni ya Kiingereza au Luganda, nami nasoma Kiswahili tu. Na kama sisomi kabisa?

Una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Asiyesoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha huweka dole gumba. Mkalimani asiwe mtoto wako. Nakala moja ni yako, ondoka nayo. Mtoto mwenye umri wa kuelewa, kwa kawaida kuanzia miaka minane, huulizwa naye pia, na akikataa asilazimishwe kwa sababu baba amesaini.

Mnalipa?

Hurudishwa nauli na fidia ya muda. Fedha nyingi mno ni dalili mbaya.

Mimi ni mkimbizi. Nikikataa, kesi yangu itaharibika?

Haihusiani. Utafiti hauna mamlaka juu ya mgao wa chakula, kitambulisho, wala kuhamishiwa nchi ya tatu, na yeyote anayekuambia kinyume anavunja sheria za utafiti. Mripoti kwa kamati ya maadili. Vivyo hivyo, kukubali hakukusogezi mbele kwenye foleni.

Nataka kutoka, au nahamia kwetu Kongo. Nifanye nini?

Unaweza kutoka siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida yabaki pale pale. Lakini sema, usipotee. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla huleta degedege la mfululizo, na za presha nazo zina hatari yake. Omba barua yenye majina ya dawa, dozi na tarehe ya sindano inayofuata, ili kituo cha Bunia au Beni kiendelee kutoka hapo. Kama ulikuwa kwenye kundi lisilojulikana linameza nini, waambie wakufungulie siri hiyo ikiwa itahitajika kwa matibabu. Vidonge vya utafiti vilivyobaki virudishe, usimwachie jirani hata kama dalili zake zinafanana na zako.